Kengele ya Chumba cha Nyuma

Mimi ni mvuta waya. Kazi yangu ni kutoboa kuta za watu wenye nyumba kubwa, kupitisha waya darini, kuziba matundu na kuondoka kabla mwenye nyumba hajaliona vumbi nililomwachia chini ya zulia. Kwa miaka kumi na minane nimefanya kazi hiyo na mtu mmoja, tuliyemwita Kidole, na ninayoyaeleza hapa ni yake. Nitayaeleza kwa hasira kwa sababu hasira ndiyo niliyobaki nayo, na sehemu yake ni hasira juu yangu mwenyewe. Anayetaka maneno ya kumbembeleza usingizi aende kwingine.

Kidole alikuwa fundi wa rimoti. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani alikuwa mbadilisha betri. Basi sikilizeni. Mwenye nyumba kubwa siku hizi hutaka muziki uimbe kila chumba, jikoni, bafuni, mpaka kwenye kibanda cha magari. Redio, king'amuzi na amplifaya vinafungiwa kwenye kabati moja chini ya ngazi, na kila chumba kinawekewa spika darini na kijicho kidogo ukutani, karibu na swichi. Ukiwa chumbani unaelekeza rimoti kwenye kijicho, kijicho kinapeleka amri kwa waya hadi kwenye kisanduku kilichomo kabatini, na kisanduku kinairusha kwa vitaa vidogo tulivyovibandika usoni mwa kila mashine. Vitaa hivyo tulikuwa tunaviita kupe, kwa jinsi vinavyong'ang'ania.

Sasa, kisanduku kikitoka dukani hakijui lolote. Lazima kifundishwe. Kidole alikuwa anakiweka mbele yake, anachukua rimoti halisi ya mashine, anavitazamanisha kwa umbali wa shubiri moja, anabonyeza kitufe kimoja, anasubiri, anabonyeza kingine. Ongeza sauti. Punguza. Nyamaza. Amri mia, amri mia mbili. Ukikawia kidogo tu kuachia kitufe, kisanduku kinaimeza amri mara tatu, na siku mteja akigusa sauti nyumba nzima inapiga yowe. Jua likiingia dirishani nalo linavuruga, ndiyo maana Kidole alikuwa anajifunika blanketi gubigubi mchana kweupe, anasomesha kisanduku humo ndani huku jasho likimchuruzika. Siku moja mpishi wa nyumba fulani alimkuta hivyo, akatupa sinia akakimbia nje akipiga kelele kwamba kuna mchawi chini ya ngazi. Tulicheka wiki nzima. Kidole gumba cha mtu yule kilikijua kipimo kuliko saa, na jina lilitoka hapo.

Alikuwa na sheria moja asiyoivunja: taa lazima ipepese. Kila kijicho kina kitaa chekundu, hakizidi punje ya mtama. Amri ikifika kisandukuni, kisanduku kinakipepesa mara mbili. "Mteja asipoona taa atadhani hajasikika," alikuwa akiniambia. "Atabonyeza mara kumi, amri zitarundikana, halafu wapumbavu tutakuwa sisi. Akiiona, moyo unatulia." Mafundi wote wa kazi hii wanaifuata sheria hiyo, na mimi nilikuwa nikiwafundisha wageni kama sala.

Kidole alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Sote tulimwita Bosi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Mama yao alipika shuleni miaka thelathini, akavuta moshi wa kuni mpaka macho yakawa mekundu, akawasomesha wote wawili. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa. Kilichobaki ni macho, mkono wa kushoto, na akili yake yote, timamu kama zamani. Kidole alikuwa anaishi chumba kimoja orofa ya tatu, ngazi hamsini na nne, kwa hiyo Bosi akamchukua mama nyumbani kwake. Alimchukua mbele ya watu, kwa sauti, akapigiwa makofi.

Akamweka chumba cha nyuma. Nilikivutia waya mwenyewe, nakijua. Unapita jikoni, unapita stoo ya kufulia, unakuta mlango mwembamba. Kwenye ramani ya nyumba kiliandikwa chumba cha masanduku. Mlezi alikuwa anakuja asubuhi kumwogesha na kumlisha, ikifika saa saba anaondoka zake. Baada ya hapo mama alikuwa analala akitazama dari mpaka mtu akumbuke kwamba yupo. Hakuweza kuita. Siku moja Kidole alimkuta amelala juu ya mkono wake mbovu tangu saa nane hadi saa kumi na mbili, na mke wa Bosi yuko jikoni, hatua ishirini kutoka pale, anachambua mchele.

"Sikujua, shemeji," alisema. "Angeniita."

"Angekuitaje?"

"Si ndiyo nasema, sikujua."

Kidole alimgeuza mama kwanza. Alirudi karakanani, akachukua rimoti ya zamani, akaing'oa vitufe vyote, akabakiza kimoja. Juu yake akabandika kizibo cha chupa ili dole gumba la mama lisikose. Akakifundisha kisanduku cha nyumba ya Bosi, tulichokifunga sisi wenyewe, amri mpya: kitufe hicho kikibonyezwa, muziki unyamaze nyumba nzima, kengele ilie kwenye vyumba vyote vinane, kisha muziki urudi. Chumbani kwa mama hakuweka spika kabisa, maana kelele za karibu zilikuwa zinamshtua. Na masikio yake yalikuwa mazito, kengele ya huko mbele alikuwa haisikii. Kwa hiyo Kidole alimwekea rimoti mkononi, akamwinamia sikioni, akamwambia kwa sauti: "Mama, bonyeza. Ile taa nyekundu ukutani ikipepesa, ujue tumekusikia."

Mama akabonyeza. Taa ikapepesa. Kengele ikalia vyumba vinane, nami nikaja mbio kutoka juu ya ngazi na nyundo mkononi, na Bosi akaja na simu sikioni. Yule mama alitutazama tulivyojaa mlangoni, akacheka. Upande mmoja wa mdomo ulicheka, mwingine ukabaki hapo hapo. Kidole alilia machozi waziwazi, hakujificha. Nimeona kazi zake nyingi, lakini hiyo ndiyo aliyokuwa anaizungumzia.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Mama alibonyeza akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka pazia. Wakati mwingine alibonyeza, ukifika anakutazama tu. Hataki kitu, anataka mtu. Kwa kipimo changu hiyo nayo ni haja. Kwa kipimo cha mke wa Bosi ilikuwa uchokozi.

"Mara arobaini kwa siku!" alituambia siku tulipokwenda kubadilisha spika ya jikoni. "Nimehesabu. Nikiwa na wageni, kengele. Nikipumzika, kengele. Nikienda nauliza, mama unataka nini, ananitumbulia macho. Jamani, mimi si mbwa wa kuitwa kwa filimbi."

"Mvumilie, shemeji. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wenu wote. Kwangu ndiko mlikomleta."

Kwa hilo alikuwa na haki kidogo, sitaificha. Wana ni wawili, na mzigo wote ulikuwa kwake. Haki hiyo ndogo ndiyo aliyoipanda kama punda.

Ndipo alipokuja mwenye maghorofa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye jengo jipya la nyumba kumi na mbili, anataka kila nyumba iwe na mitambo kama ya Bosi. Bosi alimwalika Jumamosi mchana aje asikie mwenyewe. Kwa Kidole hiyo haikuwa kazi ya kawaida. Alikwisha kuona vyumba viwili vya chini, havina ngazi hata moja, mlango mpana. Akiimaliza kazi ya maghorofa atavipanga, atamhamishia mama huko, na shemeji apumzike na kengele yake. Aliniambia hayo mara nyingi mpaka nikayakariri.

Ijumaa Bosi alituita pembeni ya kabati la mitambo. "Mdogo wangu, kesho sitaki ile kengele."

"Kaka, mama akihitaji kitu je?"

"Saa mbili tu! Atahitaji nini ndani ya saa mbili? Mgeni anasikiliza muziki, ghafla unakatika, ngrii ngrii, atasema mitambo mibovu. Unataka kazi, hutaki?"

"Naitaka."

"Basi. Mkono mtupu haulambwi."

Kidole alinitazama. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nakunja waya; nikaendelea kukunja waya. Akafungua kisanduku akaanza kufuta amri za kitufe cha mama moja moja. Akafuta nyamaza. Akafuta kengele. Akafika kwenye ya mwisho, ya taa, mkono ukasita.

"Hii naiacha," alisema. "Taa isipowaka atafadhaika, atadhani imeharibika. Ni saa mbili tu. Acha moyo wake utulie."

Hakuna aliyemwomba aiache. Bosi wala hakujua kama kuna amri ya taa. Ni mkono wa fundi tu, ulifuata sheria yake, na mimi niliyekuwa naihubiri nikatikisa kichwa kukubali. Ujinga mwingine unahitaji utaalamu, mtu wa kawaida hawezi kuufanya.

Jumamosi ilikwenda vizuri mno. Mgeni alizungushwa chumba hadi chumba, akapewa rimoti ajaribu mwenyewe, akawa anacheka kama mtoto kila muziki ulipomfuata. Kidole alijibu maswali yake yote. Walipofika stoo ya kufulia mgeni akaonyesha ule mlango mwembamba.

"Na huku?"

"Masanduku tu," mke wa Bosi akasema, na kumgeuza kwa upole.

Kidole alisikia. Nami nilisikia. Mgeni alikaa saa nne. Alipoondoka, kazi ya nyumba kumi na mbili ikiwa mkononi, tulikwenda chumba cha nyuma. Mama alikuwa amejiharibia mpaka mgongoni, rimoti mkononi, dole gumba limekazana juu ya kizibo. Aliendelea kubonyeza hata tulipokwisha kuingia. Taa inapepesa, anaitazama, anatutazama sisi, anabonyeza tena. Kidole alimwosha mwenyewe, na katika kumwosha akawa anasema, "Samahani mama, samahani mama," kwa sauti ya chini ambayo masikio yale yasingeweza kuisikia.

Akatoka kwenda kurudisha kengele. Kisanduku kikamkataa. Bosi alikwisha kubadilisha namba ya siri.

"Mafundi wengi wanaingia humu," alisema akiwa amekaa, miguu juu ya meza. "Tutairudisha. Maliza kwanza maghorofa."

"Kaka, tulisema saa mbili."

"Mke wangu leo ameshinda bila kuitwa kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Unataka niachike?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Yule mgeni ni rafiki yangu. Nikimwambia fundi fulani hafai, atatafuta mwingine. Nisingependa kufika huko."

Kidole akakusanya vifaa vyake. Laiti angempiga. Laiti ningempiga mimi, nilikuwa na nyundo. Tukaondoka, na Jumatatu tukaanza kazi kwenye maghorofa.

Akawa anakwenda kwa mama kila Jumapili. Jumapili ya nne nilimsindikiza. Mama alitufurahia, akanishika kidole kwa mkono wake mzima. Kisha akaichukua rimoti, akabonyeza. Taa ikapepesa mara mbili. Akageuza macho mlangoni, akangoja. Mtoto mmoja alikuwa hapo pembeni yake, alimtaka na wa pili. Mimi na Kidole tulikuwa tunamsikia Bosi huko sebuleni akishangilia mpira. Mama akabonyeza tena, taa ikapepesa, macho mlangoni.

"Anakuja, mama," Kidole akamwambia sikioni. "Anavaa viatu."

Alikwenda kumwita. Bosi akasema anakuja. Tulikaa pale saa nzima, na yule mama akitazama mlango.

Tulipotoka barabarani nilimpasukia. "Mwambie!"

"Nimwambie nini? Kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo?"

"Afadhali ajue hivyo! Umemwambia mwenyewe, akiona taa mmemsikia. Taa anaiona. Kwa hiyo anajua mnamsikia, tena kila mara, na hamji. Ungeizima, angesema mtambo umekufa, basi. Sasa atasema nini?"

Kidole alisimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akamtukana, akampita. Naapa hakuwa amelifikiria hilo, wiki nne nzima. Alikuwa anadhani ile taa inamfariji. Uso wake uligeuka rangi, akakaa chini ukingoni mwa mtaro, suruali yake ya Jumapili kwenye matope, akasema, "Taa." Akalisema mara mbili tatu. Nilimhurumia, lakini nilikuwa nimechelewa, kama kawaida yangu.

Alirudi mbio kwa Bosi, akaomba, akapiga magoti kabisa. Bosi akasema baada ya maghorofa. Alimwomba angalau afungue ili aizime taa. Bosi akamwambia ameanza kuchanganyikiwa, akalale. Akawaza kukata waya wa kile kijicho, akarudi Jumanne na koleo, akamkuta mke wa Bosi mlangoni: "Leo si Jumapili, shemeji." Na Jumapili zilizofuata hakumwacha peke yake na mama hata dakika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwambia, ingia kwa nguvu, ni mama yako. Lakini Kidole alikuwa mtu wa kuombaomba tangu utotoni kwa kaka yake, na vile vyumba viwili vya chini vilikuwa mbele ya macho yake. Akahesabu nyumba zilizobaki: saba. Akafanya kazi kama kichaa ili ziishe.

Wiki ya saba mlezi alimkuta getini. "Bibi ametulia siku hizi," alisema. "Ile rimoti haigusi. Ukimwekea mkononi anaiacha idondoke. Amezoea."

Mke wa Bosi alifurahi. Bosi naye alifurahi, akawa mkarimu ghafla. Alimpigia Kidole mwenyewe: "Njoo uirudishe kengele yako, mdogo wangu. Namba ya siri hii hapa. Kwanza haibonyezi tena, kwa hiyo haina shida." Aliyasema hayo bila hata kujisikia. Ninamjua mwizi mmoja mwenye aibu kumzidi.

Kidole aliirudisha kwa nusu saa, amri kwa amri, chini ya blanketi. Tukaijaribu kwa rimoti nyingine: vyumba vinane vikalia. Akaingia kwa mama karibu anakimbia, akainama. "Mama, bonyeza. Sasa watakuja."

Mama akamtazama.

"Bonyeza, mama. Ilikuwa imeharibika. Nimeitengeneza."

Yule mama akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akaelekeza kile kitaa chekundu ukutani, akakishusha. Hakuwa na ulimi lakini tulimwelewa wote wawili. Taa ilikuwa inawaka siku zote, mwanangu. Kidole akauchukua mkono wake, akaweka dole gumba lake juu ya kizibo, na kwa dole lake mwenyewe akalikandamiza. Taa ikapepesa mara mbili, vilevile kama ilivyopepesa wiki saba. Kengele ikalia. Mke wa Bosi akatokea mlangoni, mikono ina sabuni, amefura.

"Nini tena?"

Mama alimtazama mkwewe kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Kidole. Sikuwa ndani ya kichwa chake, lakini niliona alivyofumba macho, na nadhani najua alichokielewa: akibonyeza mwanangu, wanakuja. Nikibonyeza mimi, hapana. Akauvuta mkono wake akauficha chini ya shuka.

"Mwambie sasa," nilimwambia Kidole nje. "Mwambie ukweli wote. Kwamba ulikata wewe, hakuna aliyemsikia."

"Nitamwambia. Abonyeze kwanza mara moja tu. Nikishamjia kwa kengele yake, nitakuwa na uso wa kumwambia."

Kuanzia hapo, kwa kuwa Bosi sasa alimruhusu kuingia siku yoyote, akawa na desturi ya ajabu. Kila alipotoka kazini alikwenda pale, anamsalimu mama, anamwekea kikombe cha maji mbali kidogo na mkono, anatoka, anasimama kwenye stoo ya kufulia nyuma ya mlango. Anasubiri kengele. Alijua saa zake za kiu, saa zake za kugeuzwa. Nilikwenda kumchukua mara moja nikamkuta amejibanza kati ya mashine ya kufulia na ukuta, ameegemeza sikio kwenye mbao. Ndani tulisikia mkwaruzo wa shuka, kisha tena, mama akijivuta. Kisha kikombe kikaanguka. Nikataka kuingia, Kidole akanishika mkono. "Ngoja. Atabonyeza." Tulingoja. Hakubonyeza. Kidole aliingia akamkuta ameloa, rimoti iko pale pale kiganjani kwake. Nikamwambia wewe sasa unamtesa, na yeye akaniambia niende zangu. Wiki mbili hatukusemezana isipokuwa habari za waya.

Mama alikufa siku ya Jumatano, saa tano asubuhi. Si usiku, si peke yake nyumbani. Mlezi alikuwa ametumwa dukani. Mke wa Bosi alikuwa sebuleni, Bosi alikuwa juu akinyoa ndevu. Mama alipaliwa, na kengele haikulia. Shuka zilikuwa zimevurugika zote upande wa kushoto, kwa hiyo alipigana, tena kwa muda. Kidole alikuwa kwenye nyumba ya kumi na moja, chini ya blanketi.

Siku ya msiba viti vilijaa uani. Bosi alipokea watu getini, akasifiwa kwa jinsi alivyomtunza mama yake; na mwenye maghorofa alikuja akashika mkono wake kwa mikono yote miwili. Mke wa Bosi alilia mpaka akashikiliwa. Kidole alikaa kiti cha mwisho, karibu na karo, hasemi na mtu. Nilipita mbele yake mara tatu nikitafuta neno.

Wakaniomba nikasaidie kutoa kitanda. Niliingia chumba cha nyuma peke yangu, nikavuta godoro, rimoti ikaanguka sakafuni. Niliiokota. Ukweli ni kwamba niliomba iwe imekufa. Nilitaka betri ziwe zimekwisha, au waya umekatwa na panya, au mimi mwenyewe nilifunga vibaya. Kitu chochote ambacho ningemwendea nacho Kidole nimwambie, ndugu yangu, alibonyeza, alikuita, ni mtambo tu haukufika. Ningeishi na lawama hiyo kwa furaha. Nikaielekeza kwenye kijicho, nikabonyeza.

Taa ikapepesa mara mbili. Kengele ikalia sebuleni, jikoni, ngazini, vyumba vyote vinane, safi, bila mkwaruzo. Sauti za watu zikakatika uani. Kisha nikasikia kiti kikianguka, na Kidole akipaza sauti kutoka huko nje:

"Naam, mama!"

Nilisikia miguu yake ikipita jikoni. Ikapita stoo. Nilikuwa na muda wa kuiweka ile rimoti chini, lakini sikuiweka. Alifika mlangoni anahema, akaniona mimi.